Kifafa, Dawa na Mimba: Mambo Kila Dem Anayemeza Tembe Anafaa Kujua Mapema

Ukiwa na kifafa na unataka mtoi, kuna story mbili utaskia mtaani. Ya kwanza ni ati mtu wa kifafa hafai kuzaa. Ya pili ni ati ukijua uko na mimba, tupa dawa zote kwa choo ndio mtoi asiharibike. Zote mbili ni uongo, na hiyo ya pili inaweza kukuua.

Ukweli ni huu: dawa za kifafa hazifanani. Kuna zenye hatari ndogo kwa mtoto aliye tumboni, na kuna moja yenye hatari kubwa sana. Na siku ya kuuliza uko upande gani ni kabla hujashika mimba.

Kifafa ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huongea kwa umeme, na mtu akiwa na kifafa huo umeme unapiga shoti kila mara. Wengine huanguka na kutetemeka. Wengine hukodoa macho tu sekunde kadhaa, mwalimu anadhani mtoto analala darasani. Si mapepo, si kulogwa, na huwezi kuambukizwa na povu ya mdomo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu karibu milioni 50 wanaishi na kifafa, wengi wao kwa nchi zisizo na pesa nyingi. Shirika hilo hilo linasema hadi watu 70 kwa kila 100 wanaweza kukaa bila kuanguka wakipimwa vizuri na kupata dawa inayofaa.

Huku kwetu, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi wamefuatilia huu ugonjwa miaka mingi. Utafiti uliotoka mwaka wa 2013 ukihusisha sehemu tano za Afrika, Kilifi ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa watoto, shida wakati wa kuzaliwa na kuumia kichwa ni kati ya vitu vinavyoenda pamoja na kifafa. Malaria kali inayopanda kichwani pia huachia watoto wengine huu ugonjwa.

Sasa skiza hapa. Msichana anaanza kuanguka akiwa na miaka 7. Anapewa dawa, inashika vizuri, mathe anashukuru Mungu. Miaka inasonga, anamaliza shule, anapata boyfriend, na bado anameza ile dawa ya utotoni. Hakuna mtu amewahi kumuuliza kama anapanga kuzaa. Shida huanzia hapo.

Valproeti: dawa poa, lakini si ya kila mtu

Dawa inayozua kelele zaidi ni valproeti. Kwa chemisti wengi huijua kwa jina la Epilim. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka wa 1882, lakini miaka mingi ilikuwa tu maji ya kuyeyushia kemikali zingine kwa maabara. Mwaka wa 1962 huko Ufaransa, mtafiti Pierre Eymard aliitumia kuyeyusha dawa alizokuwa anajaribu. Kila dawa ikaonekana kuzuia kifafa. Kumbe kazi yote ilikuwa inafanywa na hayo maji! Kufikia 1967 ilikuwa inauzwa Ufaransa kama dawa.

Na tusiidharau, valproeti inafanya kazi. Kuna aina za kifafa ambazo inazituliza kuliko dawa nyingi. Lakini mwaka wa 1982, watafiti wa Lyon, Ufaransa, waligundua kwamba akina mama waliokuwa wanaimeza walikuwa wanapata watoto wenye mgongo wazi kuliko kawaida. Mgongo wazi ni pale mifupa na ngozi ya mgongo haijafunga vizuri, neva zinabaki nje, na mtoto anaweza kukosa nguvu za miguu.

Hapa ndio kuna noma: hiyo sehemu ya mtoto hufunga ndani ya wiki nne za kwanza baada ya mimba kutunga. Wakati huo dem wengi hata hawajajua wamekosa period. Ukingoja kipimo kionyeshe laini mbili ndio uanze kuongea na daktari, huo mlango unaweza kuwa umeshafungwa.

Namba zinasema nini?

Kuna mradi mkubwa unaitwa EURAP, unaokusanya rekodi za wajawazito wenye kifafa kutoka nchi nyingi. Matokeo yake ya mwaka wa 2018 yaliangalia mimba zaidi ya 7,000. Kwa akina mama waliotumia valproeti peke yake, karibu watoto 10 kwa kila 100 walizaliwa na kasoro kubwa ya mwili, kama mgongo wazi, shida ya moyo ama mdomo uliopasuka. Kwa lamotrijini na levetirasetamu walikuwa karibu 3 kwa kila 100, na hiyo haiko mbali sana na mama yeyote yule. Kipimo cha dawa pia kilileta tofauti: valproeti ikiongezwa, hatari inapanda.

Lakini kuna madhara hayaonekani mtoto akizaliwa. Utafiti wa NEAD ulifuata watoto wa Marekani na Uingereza ambao mama zao walikuwa wanameza moja ya dawa nne. Wakiwa na miaka 6, wale wa valproeti walipata wastani wa 97 kwa mtihani wa akili. Wa kabamazepini walipata 105, na wa lamotrijini na fenitoini 108. Mtoto amezaliwa na vidole kumi na sura safi, kumbe shida itakuja kuonekana akianza kuongea ama kusoma.

Huko Denmark, watafiti waliangalia watoto zaidi ya 655,000 na kutoa ripoti mwaka wa 2013. Kwa watoto wote, karibu mmoja na nusu kwa kila 100 walikuwa na usonji. Kwa waliokutana na valproeti tumboni, walikuwa zaidi ya 4 kwa kila 100.

Soma hizo namba vizuri lakini. Watoto wengi waliozaliwa na mama aliyetumia valproeti hawakuwa na kasoro ya mwili wala usonji. Kama tayari una mtoi na ulikuwa unaimeza, usijilaumu. Mpeleke kliniki aangaliwe, na kama anachelewa kuongea ama kutembea, sema ulimeza dawa gani ukiwa na mimba yake.

Na fenobabitali je?

Hili swali ni letu kabisa, kwa sababu fenobabitali ni ya bei rahisi na ndio inapatikana kwa zahanati nyingi. EURAP iliipa kati ya watoto 6 na 7 kwa kila 100. Utafiti wa Denmark wa 1995 uliangalia wanaume watu wazima waliokutana nayo wakiwa tumboni, ukapata alama zao za akili ziko chini kidogo. Kwa hivyo si mbaya kama valproeti, lakini pia si ya kumezwa bila mazungumzo.

Usiache dawa ghafla!

Hii isome mara mbili. Ukiacha dawa ghafla, kifafa kinaweza kurudi na hasira: unaanguka mfululizo bila kuamka katikati. Mama mjamzito anaweza kuangukia jiko, kuzama kwa beseni, ama kufa usingizini. Mtoto pia anaweza kukosa hewa ama kuumia mama akianguka na tumbo. Kama ushashika mimba na uko kwa valproeti, usitupe dawa. Nenda kliniki hiyo wiki, beba pakiti yenyewe, na uwaambie una mimba. Kubadilisha dawa hufanywa pole pole na mtu anayejua.

Akina mama walivyopiga kelele

Kutoka ripoti ya 1982 hadi sheria kali, miaka ilipita mingi. Wazazi wengi Ulaya walikuja kusema hawakuambiwa vizuri. Ufaransa, mama anayeitwa Marine Martin alianzisha chama cha familia hizo, APESAC, mwaka wa 2011. Mwaka wa 2018 Ulaya iliweka masharti: msichana ama mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe valproeti isipokuwa dawa zingine zimeshindwa, na awe anapanga uzazi kwa njia ya uhakika. Mwaka wa 2020 Uingereza ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba wanawake walikuwa hawaskizwi. Na Mei 2023 WHO ikasema valproeti isianzishiwe wasichana na wanawake walio kwa umri wa kuzaa.

Sasa wewe ufanye nini?

Soma pakiti yako. Jua jina la dawa na kipimo, usijue tu "ile tembe nyeupe".

Uliza kabla ya mimba. Mwambie daktari, "Napanga kuzaa, hii dawa iko sawa?" Kama anayekutibu hajui, omba akupeleke kwa daktari wa ubongo na neva.

Uliza kuhusu kupanga uzazi. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na vile vijiti vya mkono. Unaeza dhani uko safe kumbe uko na mimba ya miezi miwili. Koili haiingiliwi na hizi dawa.

Meza asidi ya foliki mapema, hata kabla ya mimba. Daktari atakuambia kiasi. Lakini usidhani inafuta hatari ya valproeti.

Ukishika mimba, rudi kliniki mara nyingi. Lamotrijini hushuka kwa damu tumbo likikua, na kipimo kinaweza kuhitaji kuongezwa ndio usianguke.

Na kunyonyesha? Mama wengi huambiwa waache. Wale wale wa NEAD waliangalia hiyo pia: watoto walionyonyeshwa na mama wakiendelea na dawa hawakuonyesha madhara kwa akili walipofika miaka 6. Uliza kuhusu dawa yako, lakini usikimbilie maziwa ya mkebe kwa sababu ya uwoga.

Kwa wazazi na maboyfriend: kama kuna msichana kwa nyumba anayemeza dawa za kifafa tangu utotoni, msingoje aje na mimba ndio muulize. Akifika kidato, rudini kliniki pamoja, muulize swali moja tu: hii dawa bado ndio inamfaa?