Hedy Lamarr: Nyota wa Hollywood Aliyeibuni Siri ya Torpedo

Tarehe 11 Agosti 1942, wakati vita vya pili vya dunia vimepamba moto, ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza namba 2,292,387 kwa uvumbuzi ulioitwa Mfumo wa Mawasiliano ya Siri. Wavumbuzi wake walikuwa wawili: mtunzi wa muziki George Antheil na mwanamke aliyeandikwa Hedy Kiesler Markey. Wapenzi wa sinema wasingelitambua jina hilo. Kwenye mabango aliitwa Hedy Lamarr, na studio ya MGM ilimnadi kuwa mwanamke mrembo kuliko wote duniani.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1914, katika familia yenye asili ya Kiyahudi. Baba yake alifanya kazi benki, mama yake alikuwa mpiga piano. Baba alikuwa na mazoea ya kutembea na bintiye mjini akimweleza jinsi mashine zinavyofanya kazi, na elimu hiyo ya barabarani ndiyo pekee ya uhandisi aliyoipata. Mwaka 1933, akiwa na miaka 18, aliolewa na Fritz Mandl, tajiri wa viwanda vya silaha. Mezani kwa Mandl walikaa maofisa wa jeshi na mafundi wa silaha, wakizungumza biashara yao mbele ya mke wa mwenyeji bila kumjali. Yeye alikuwa anasikiliza.

Ndoa ile ilimbana kama kifungo, na mwaka 1937 akatoroka. Namna alivyotoroka imesimuliwa kwa njia nyingi, nyingine zikiwa na chumvi. Lililo wazi ni kwamba alikutana London na Louis B. Mayer, mkuu wa MGM, akapanda meli moja naye, na alipofika New York alikuwa na mkataba na jina jipya. Filamu ya Algiers ya mwaka 1938 ikamfanya nyota.

Jioni, wenzake walipokwenda kwenye karamu, yeye alikaa kwenye meza yake ya kuchorea. Alijaribu kutengeneza kidonge cha kuyeyusha kwenye maji ili kipatikane kinywaji kama kola. Jaribio lilishindikana, na yeye mwenyewe alilikubali hilo.

Vita ndivyo vilivyomfanya aelekeze akili yake kwenye jambo zito. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli katika Atlantiki. Mnamo Septemba 1940 ilizamishwa City of Benares, iliyobeba watoto 90 waliokuwa wakihamishwa kutoka Uingereza kwenda Canada. 77 kati yao walikufa. Hedy alitaka Waingereza wapate torpedo, yaani kombora la majini, isiyokosa shabaha.

Torpedo ingeweza kuongozwa kwa redio, lakini amri zote zikirushwa kwenye masafa mamoja, adui akiyagundua huyajaza kelele na torpedo hupotea njia. Basi, Hedy akawaza, masafa yasitulie. Meli na torpedo ziruke pamoja kutoka masafa haya hadi yale, kwa mpangilio unaojulikana kwao tu. Anayesikiliza kwa nje angeambulia vipande visivyo na maana.

Zingerukaje pamoja bila kupishana? Hapo ndipo Antheil alipohitajika. Miaka ya 1920, Antheil alikuwa ametunga Ballet Mécanique, muziki uliohitaji piano kadhaa zinazojipiga zenyewe, zote zikienda sambamba. Piano ya aina hiyo huongozwa na karatasi ndefu iliyotobolewa matundu: karatasi inazunguka, tundu linapita, noti inalia. Wawili hao walichukua mtambo uleule. Karatasi moja ingekaa melini, pacha wake ndani ya torpedo; zingeanza kuzunguka kwa wakati mmoja na kwa kasi moja, na kila tundu lingeamua masafa ya kutumia. Hataza inasema karatasi ingeweza kuwa na safu 88, idadi ileile ya vibao vya piano. Mchoro wake una njia saba za kurushia na nne tu za kupokea; tatu zilizobaki ni za kumhadaa adui.

Jeshi la Wanamaji la Marekani halikuutumia uvumbuzi huo. Walisema mtambo ni mkubwa mno. Antheil aliamini kuwa kosa lilikuwa kuitaja piano: wakubwa walidhani wanatakiwa kuingiza piano nzima ndani ya torpedo, ilhali mtambo wenyewe ungeweza kufanywa mdogo kiasi cha kuingia ndani ya saa. Hedy akatumwa kuuza hati za dhamana za vita, akazunguka miji akichangisha mamilioni ya dola. Taifa liliuthamini uso wake na kuiweka kando kazi ya kichwa chake, na hilo lilikuwa kosa kubwa.

Hataza iliisha muda mwaka 1959, mwaka uleule aliofariki Antheil. Hadi hapo, hakuna kati yao aliyekuwa amelipwa hata senti.

Siku hizi Hedy huitwa mama wa Wi-Fi. Sifa hiyo imepita kiasi, na nadhani haimsaidii. Wazo la kubadili masafa lilikuwapo kabla yake. Mholanzi Willem Broertjes alipata hataza ya Marekani kwa wazo kama hilo mwaka 1932. Wi-Fi ya leo na GPS husambaza mawimbi kwa njia nyingine. Lakini Bluetooth ya kawaida huruka hasa, mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79, simu na spika zikifuata mpangilio mmoja. Alichofanya Hedy na Antheil ni kuonyesha, kwa michoro, jinsi vyombo viwili vilivyotengana vinavyoweza kuruka bila kupotezana. Hiyo ni heshima tosha, na ni yao wote wawili.

Tuzo ya kwanza ya uvumbuzi huu ilikuja mwaka 1997, Hedy akiwa na miaka 82. Mwanawe alikwenda kuipokea kwa niaba yake. Alifariki Florida Januari 2000. Mwaka 2014 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani, pamoja na Antheil.