Waraka Mmoja, Madirisha Mengi

Kujenga meli ni kazi ya ratiba. Bamba halichomelewi kabla ya kukatwa, injini haishushwi kabla chumba chake hakijawa tayari, na shughuli moja ikichelewa huziburuta nyingine nyingi nyuma yake. Katika miaka ya 1970, mmoja wa watu waliohangaika na ratiba za aina hiyo nchini Norway alikuwa Trygve Reenskaug, mtaalamu wa kompyuta aliyezaliwa mwaka 1930. Ni katika mahangaiko hayo ndipo ulipoota mzizi wa kanuni ambayo leo karibu kila mwandishi wa programu za kompyuta za mezani huisikia mapema: data ya waraka ikae mbali na namna inavyoonyeshwa kwenye skrini.

Reenskaug hakuwa mgeni viwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika taasisi ya utafiti wa viwanda jijini Oslo, aliongoza utengenezaji wa Autokon, mfumo uliosaidia kubuni umbo la meli na kuelekeza mashine za kukata mabamba ya chuma. Autokon ilianza kutumika mwaka 1963. Kilichoitofautisha ni ghala moja la data kuhusu umbo la meli, huku programu mbalimbali zikilizunguka na kuchota humo. Aliyetaka kuchora alichota humo. Aliyetaka maelekezo ya kukata chuma naye alichota humo humo. Umbo la meli lilikuwa moja, haidhuru limeulizwa na nani.

Katikati ya mwaka 1978 alikwenda Marekani, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Hapo kikundi kilichoanzishwa na Alan Kay kilikuwa kikijenga Smalltalk, lugha ya programu na mazingira kamili ya kazi, kwenye kompyuta ya Alto. Tangu mwaka 1973 Alto ilikuwa na skrini ya kuchora nukta kwa nukta na kipanya. Smalltalk iliongeza madirisha yaliyolaliana, kila moja likionyesha kitu chake. Mtu wa ratiba za meli alipoona skrini inayoweza kubeba madirisha mengi kwa pamoja, swali lilijileta lenyewe: kwa nini mpangaji asiione ratiba ile ile kwa sura kadhaa kwa wakati mmoja?

Mei 1979 aliandika maelezo mafupi ya ndani kuhusu wazo hilo, na Desemba mwaka huo huo akaandika mengine yenye majina yaliyodumu, yaliyopatikana baada ya majadiliano marefu, hasa na Adele Goldberg: modeli, mwonekano na kidhibiti. Mfano wake ulitoka kwenye upangaji wa kazi. Chukua shughuli moja yenye jina, muda wake na shughuli zinazoitangulia. Dirisha moja linaichora kama kisanduku ndani ya mtandao wa mishale, ili ionekane inategemea nini. La pili linaichora kama mstari mlalo kwenye kalenda, ili ionekane inaanza lini na inaisha lini. La tatu linaiorodhesha kwa maneno na tarakimu. Mpangaji akibadilisha muda katika dirisha lolote kati ya hayo, mengine yote hubadilika, kwa sababu hakuna dirisha lenye shughuli yake binafsi. Shughuli ni moja, na inakaa kwenye modeli.

Leo jambo hilo linaonekana la kawaida mno, kiasi kwamba ni rahisi kusahau ugumu wake. Aliyewahi kuandika programu ndogo ya duka anakijua kishawishi chenyewe. Unaweka kisanduku cha bei kwenye fomu, mtumiaji anaandika bei humo, na hesabu inaisoma bei kutoka kwenye kisanduku hicho hicho. Inafanya kazi vizuri sana siku ya kwanza. Siku mwenye duka anapotaka orodha ya bidhaa kando ya fomu, bei zinakuwa mbili, na kila badiliko linadai msimbo wa kukimbia kutoka kisanduku hiki hadi orodha ile. Dirisha la tatu likija, msimbo huo wa kukimbizana unakuwa mwingi kuliko hesabu yenyewe.

Dawa ya Smalltalk ilikuwa ya adabu. Modeli haikutakiwa kujua nani anaitazama. Ilikuwa na orodha tu ya wanaoitegemea, na ilipobadilika ilitoa tangazo moja fupi kwamba imebadilika. Kila mwonekano uliojiandikisha ulipata ujumbe wa kujisasisha, nao ukarudi kuisoma modeli na kujichora upya. Kwa hiyo mtu angeweza kuongeza mwonekano mpya miaka mitano baadaye bila kugusa mstari hata mmoja wa modeli. Baada ya Reenskaug kurudi kwao, Jim Althoff na wenzake waliliingiza wazo hilo kwenye maktaba ya Smalltalk-80, kwa umbo lililotofautiana kidogo na la mwanzilishi. Mwaka 1988 Glenn Krasner na Stephen Pope walichapisha makala ya mafunzo ambayo ndiyo iliyowafikishia habari hii waandishi wengi wa programu walio nje ya Palo Alto.

Wakati huo Apple ilikuwa imeshaichukua mbegu. Larry Tesler, aliyehama Xerox kwenda Apple mwaka 1980, aliongoza kazi iliyozaa MacApp, maktaba ya kuandikia programu za Macintosh kwa lugha ya Object Pascal. Ndani yake waraka na mwonekano vilikuwa aina mbili tofauti: waraka uliijua data na namna ya kuihifadhi kwenye faili, mwonekano ulijua kuchora na kupokea kipanya. Photoshop ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1990, iliandikwa juu ya MacApp.

Hapa kidhibiti, mhusika wa tatu, kikapotea, na sababu inaeleweka. Katika Smalltalk kidhibiti ndicho kilichokaa kikichungulia kipanya kila mara ili kujua kama ni zamu yake. Kwenye Macintosh na Windows, mfumo wenyewe ulileta habari za kipanya na kibodi hadi kwenye dirisha husika. Kidhibiti kikakosa kazi ya kutosha, na kilichobaki kikamezwa na mwonekano.

Umbo hilo la wawili ndilo Microsoft ililisambaza kwa jeshi la waandishi wa programu za Windows. Mwaka 1993, Visual C++ ya kwanza ilikuja na toleo la 2 la maktaba ya MFC, ambamo CDocument ilishika data na CView ilishika mwonekano. Programu ya mafunzo iliyoitwa Scribble, ya kuchora mistari kwa kipanya, iliwafundisha wengi. Ukifungua waraka mmoja katika madirisha mawili na kuchora mstari kwenye la kwanza, mwonekano uliopokea kipanya unauongeza mstari kwenye waraka, kisha unauambia waraka uwaarifu wengine wote. Kwenye kompyuta za wakati ule, kuchora dirisha zima upya kwa ajili ya mstari mmoja kulionekana kwa macho: skrini ilipepesa. Basi taarifa iliambatana na dokezo, yaani mstari wenyewe uliobadilika, na dirisha la pili likachora upya ule mstatili mdogo tu uliouzunguka.

Kwenye mambo madogo kama hayo ndiko ubunifu mzuri ulikojulikana. Je, maandishi yaliyochaguliwa ni mali ya waraka au ya dirisha? Mtu mwenye madirisha mawili ya ripoti moja, moja likiwa ukurasa wa kwanza na jingine la arobaini, hatarajii kasa iruke kule anapobofya huku. Uchaguzi, mahali pa kusogeza na ukubwa wa kukuza ni vya mwonekano. Kutengua kosa, kwa upande mwingine, ni kwa waraka, maana kosa lilitendeka kwenye data. Programu zilizochanganya haya mawili ziliwachosha watumiaji wasioweza hata kueleza kinachowachosha.

Mwaka 1994 Erich Gamma na wenzake watatu walitoa kitabu maarufu cha ruwaza za ubunifu wa programu, nao walianza kuonyesha ruwaza zao kwa kuifungua mashine ya Smalltalk: asilimia zile zile tatu, 50, 30 na 20, kama jedwali, chati ya mihimili na chati ya duara. Huo ulikuwa utetezi wa kihandisi, wa msimbo unaorekebishika kirahisi, na ni utetezi wa haki. Lakini Reenskaug, hadi alipofariki Juni 2024, alisisitiza kwamba lengo kuu lilikuwa mtumiaji: kuziba pengo kati ya picha aliyonayo kichwani kuhusu kazi yake na data iliyo ndani ya kompyuta. Msimbo nadhifu ulifuata baadaye. Yeye alikuwa akimfikiria mpangaji wa kiwanda cha meli, anayehitaji kuiona Jumatatu ijayo kwenye kalenda na kwenye mtandao wa mishale kwa pamoja, na kuibadilisha kutoka popote anapoitazama.