Karte ya uchaguzi: tuichunge, tusiiweke rehani

Katika inchi yetu karte ya uchaguzi si ya kupiga kura tu. Tangu 2005 ndiyo inayotutambulisha: kwa kuandikisha namba ya simu, kutoa franga za M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kuandikwa kwa msaada. Hapa Lokandu, anayeikosa anafungiwa milango mingi.

Tushike haya:

1. Tusiiache rehani kwa sababu ya deni. Anayeishika anaweza kuandikisha namba kwa jina lako. Akiiba kwa namba hiyo, utaulizwa wewe.

2. Karte za CENI za 2023, maandishi ya nyingi yamefutika. Tuzifunge ndani ya plastiki, mbali na jua na maji ya mtumbwi. Tufanye fotokopi mapema.

3. Namba ya siri hatumwambii mtu. Anayepiga simu akisema umepata msaada, lakini utume kwanza franga, ni mwizi.

4. Ikipotea, tujulishe polisi upesi, kisha tuombe duplikata kwa CENI.

Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo. Basi mama mzee asiyejua kusoma akituletea karte yake, tumsaidie mbele ya mtu wa pili, na tumrudishie mkononi saa ile ile. Hata ofisi ya kanisa isikusanye karte za waamini. Orodha ya majina inatosha.