Ndondi za ridhaa: kilo peke yake hazitoshi

Mwezi jana nilikuwa Ruiru kwa dadangu, na bintiye, anayetimiza miaka 14 mwaka huu, akanivuta twende Thika kwenye ukumbi anakojifunza ndondi. Siku hiyo kulikuwa na mapambano ya kirafiki. Akapandishwa mizani, kilo 50, kisha akapangiwa msichana wa miaka 17. "Uzani ni mmoja," nikaambiwa. Nikakataa, na dadangu akaninunia njia nzima.

Wazazi wengi hudhani ndondi hugawanywa kwa kilo tu. Sivyo. Kanuni za kimataifa za ridhaa hutanguliza umri: 13 na 14 ni wanafunzi, 15 na 16 chipukizi, 17 na 18 vijana, 19 hadi 40 wakubwa. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa, si siku, kwa hivyo mtoto wa Januari na wa Disemba huwa kundi moja. Wavulana na wasichana hutenganishwa, halafu ndipo mizani huja. Mpwa wangu na yule msichana walikuwa wamepishana makundi mawili.

Hata muda wa raundi hufuata umri. Wote hupigana raundi tatu, lakini za wakubwa ni dakika 3, za chipukizi 2, za wanafunzi moja na nusu. Wanawake wakubwa zamani walipigana raundi nne za dakika 2. Siku hizi ni sawa na wanaume. Kofia ya kinga, wanaume wakubwa waliivua 2013, wanawake bado wanavaa.

Wako wanaosema ngumi si za wasichana. Mimi simo. Wanawake waliingia Olimpiki London 2012, na Elizabeth Andiego akatuwakilisha Kenya katika kilo 75. Christine Ongare alirudi na shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast 2018. Na kwa mabinti zetu wa Kiislamu, tangu 2019 hijabu na nguo za kusitiri mwili zimeruhusiwa ulingoni.

Kocha, kwa haki yake, hakubisha sana. Alisema akiletewa cheti cha kuzaliwa atamtafutia wa rika lake. Cheti kilikuwa Mombasa, kwa mamangu, chini ya godoro. Nimekituma na basi la usiku.