Fahamu Wamisionari Walioshuka Bandari ya Dar es Salaam na Ufalme Waliouhubiri

Ukisimama pale kwenye boti za kwenda Zanzibar, Barabara ya Sokoine, mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu uko mbele yako. Tembea kidogo kuelekea Kivukoni, unakutana na Azania Front lenye paa la vigae vyekundu. Wengi wetu tunapita hapo kila siku tukiwahi daladala au pantoni, wala hatugeuki kuangalia.

Makanisa haya yalijengwa na watu waliovuka bahari kwa imani moja: kwamba ufalme wa Mungu unakuja, na habari hiyo lazima ifike hata kule kusikofikika. Walikuwa nani, na ilikuwaje? Twende taratibu.

Ufalme gani hasa?

Wakristo wote husali wakiomba ufalme huo uje, ila hawauelewi kwa namna moja.

Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hufundisha kwamba ulishaanza na Yesu, unaendelea kukua kati ya watu, na utakamilika atakaporudi. Waadventista Wasabato wanatilia mkazo kurudi kwenyewe, kwamba kumekaribia. Mashahidi wa Yehova wanasema ni serikali halisi iliyoko mbinguni, na ndiyo itakayoziondoa serikali zote za wanadamu.

Tofauti hiyo ilionekana hata kwenye mizigo yao. Anayeona kazi ni ya muda mrefu huleta mafundi na kujenga kanisa la mawe. Anayeona muda umebaki mfupi huleta makasha ya vitabu, akagawa na kusonga mbele. Lakini si kila mara. Wasabato, pamoja na kungoja kwao, walijenga shule na zahanati kama wengine.

Kabla ya Dar kulikuwa na Mombasa, Zanzibar na Bagamoyo

Dar es Salaam ilichelewa. Ludwig Krapf alifika pwani hii mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga huko Mombasa. Hakuondoka. Mwaka 1846 akaungana na Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai.

Waanglikana wa UMCA walihamia Zanzibar mwaka 1864. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, walianza kujenga kanisa lao papo hapo Mkunazini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa.

Kumbuka jambo hilo. Kwa miaka mingi Wakristo wa kwanza wa pwani walikuwa hasa hao: watu walionyang'anywa kwao, wasio na ukoo wa kurudia.

1887: Dar yaanza kupokea wageni

Sultani Majid ndiye aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860. Baada ya kifo chake mwaka 1870 mji ukalala. Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikafungua kituo chake hapa, na mwaka huohuo akaja mmisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, Johann Jakob Greiner. Mapema mwaka 1888 wakafuata Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, wakaenda kukaa Pugu.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kampuni na wamisionari walikuja wakati mmoja, kutoka nchi moja. Mtu wa pwani aliyeona bendera ya Kijerumani ikipandishwa angewatofautisha vipi?

Abushiri na wenzake walipoinuka kupinga kampuni, Pugu haikusalimika. Tarehe 13 Januari 1889 kituo kilivamiwa. Wamisionari watatu, mmoja wao mtawa wa kike, waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka, wakaja kukombolewa baadaye.

Yaleyale yalijirudia wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwezi Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani akielekea kusini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kwa Kanisa hao ni mashahidi wa imani. Kwa wapiganaji, walikuwa sehemu ya utawala uliowalimisha pamba kwa nguvu. Ukitaka kuielewa historia hii vizuri, sikiliza pande zote mbili.

Majengo ya mawe, reli na Upare

Ujenzi wa Mtakatifu Yosefu ulianza mwaka 1897, na wa Azania Front mwaka 1898. Wakati huo Dar ilikuwa tayari makao makuu ya koloni, tangu 1891. Walutheri walikuwa wameshafika Kisarawe mwaka 1892.

Mwaka 1903 Wasabato wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, wakafika koloni hili na kwenda kuanzia kazi Upare Kusini. Mwenzao aliyefuata, Ernst Kotz, alijifunza Chasu kiasi cha kuandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, kikachapishwa mwaka 1909. Yaani mtu anayetangaza kwamba dunia inaelekea mwisho anakaa chini kupanga vitenzi vya Kipare!

Reli ya Kati nayo ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi kwa miguu ikawa ya siku chache.

Vita, Kariakoo, na walimu wenyeji

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini au kurudishwa kwao.

Ibada ziliendelea. Walimu na wainjilisti wenyeji, baadhi yao watoto wa wale waliokombolewa utumwani, ndio walioshika sharika, wakafundisha na kuzika. Wakapuchini wa Uswisi walipofika kuchukua kazi ya Wabenediktini mwaka 1921, walikuta waumini wapo.

Neno "ufalme" lilipoitisha serikali

Mwaka 1908 huko Nyasaland, Elliot Kamwana alihubiri kwamba mwaka 1914 utawala wa Wazungu ungeisha na ufalme wa Mungu kuanza. Maelfu walibatizwa. Mwaka 1909 serikali ikamfukuza. Kuanzia hapo, watawala wa ukanda huu walilisikia neno "ufalme" kwa mashaka.

Robert Nisbet na David Norman, Mashahidi wa Yehova waliotokea Afrika Kusini, waligawa vitabu Dar es Salaam mwaka 1931. Hata baada ya uhuru mashaka hayakwisha: katikati ya miaka ya 1960 Mashahidi walipigwa marufuku Tanzania, wakaja kusajiliwa mwaka 1987. Sababu si ngumu kuiona. Taifa changa lilitaka kila mtu aonyeshe utii kwa bendera, na wao walisema utii wao wa kwanza uko kwingine.

Walichoacha

Pugu ileile iliyochomwa mwaka 1889 ilikuja kuwa na sekondari ya Mtakatifu Francis. Ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikokuwa akifundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Mwaka 1968 Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama zetu, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam.

Leo mapadre na wachungaji wa Kitanzania wanahudumu Ulaya na Marekani, pengine katika miji ileile ambayo wamisionari wa kwanza walitoka. Na jioni pale Kariakoo, mhubiri mwenye spika yake bado anawaambia wapita njia kwamba ufalme unakuja. Huyu hakushuka melini. Amepanda daladala kutoka Mbagala kama wewe.