Tuko na nini ya kutuma? Haiti, Aceh na sisi watu wa Nyabiondo



Kila mara tetemeko la ardhi ao tufani inapiga inchi ya mbali, maneno mawili yanatoka kati yetu. Wamoja wanasema: tukusanye nguo, viatu, hata unga kidogo, tutume. Wengine wanajibu: sisi watu wa Nyabiondo, tunaokimbia kila mwaka na magodoro kichwani, tutamusaidia nani? Shida yetu inatosha.

Mimi nilisoma agronomia, si historia. Lakini nimeona kama maneno yote mawili yana jibu katika historia, na sehemu moja ya historia hiyo ni yetu wenyewe. Tufuate miaka mitatu: 1960, 2004 na 2010.

1960: Wahaiti wanafika Kongo

Siku Kongo ilipata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi nzima. Ndani ya wiki chache Wabelgiji wengi wakaondoka: walimu, waganga, maagronomu, majaji. Masomo yakabaki na vibao na chaki, bila wa kufundisha.

ONU ikaanza kutafuta watu wenye kazi hizo na wanaosema Kifaransa. Ikawapata wengi Haiti. Kule, Duvalier alikuwa mamlakani tangu 1957, na wasomi wengi walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Walimu walikuja kwa njia ya UNESCO, waganga kwa njia ya OMS. Walifika kwa mamia. Mumoja wao alikuwa agronomu, baba ya Raoul Peck. Mutoto huyo alikulia Léopoldville, akawa mutengeneza filme, na mwaka 2000 akatoa filme juu ya Lumumba.

Tusidanganyane, haikuwa sadaka tupu. Walilipwa mushahara, na wengi walikuwa wanakimbia hatari kwao. Lakini tuangalie namna ya musaada wenyewe. Mutu aliuliza kwanza: kule Kongo, nini inakosekana? Jibu: mutu wa kufundisha na mutu wa kutibu. Basi wakatumwa watu hao, wenye luga ya kazi, na wakakaa miaka. Wazee wengi wa inchi hii walijifunza hesabu ao Kifaransa kwa Muhaiti. Inchi masikini ilisaidia inchi masikini, na ikasaidia vizuri.

2004: wiki moja, mateso mawili

Wazee wetu hawajasahau Desemba 2004. Tarehe 19 mwezi huo, Nyabiondo ilishambuliwa na askari wa upande wa RCD-Goma. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, wengine wakakimbilia pori. Siku saba nyuma yake, tarehe 26, bahari ya Hindi ikainuka. Tsunami iliua watu zaidi ya 220 000, wengi wao Aceh, katika Indonesia. Ilifika hata Somalia, ikaua watu karibu 300.

Sisemi kama machozi ya Aceh yalikuwa madogo kuliko yetu. Nasema tu kama macho ya dunia hayawezi kuangalia pahali pawili. Pesa inafuata picha. Kwa jumla, musaada wa tsunami ulifika karibu dola milioni elfu 14. Wataalamu waliochunguza baadaye walihesabu dola 7 100 kwa kila mutu aliyepatwa, wakati watu wa mafuriko ya Bangladesh, mwaka ule ule wa 2004, walipata dola 3 kwa mutu.

Mambo mawili ya Aceh yanatufundisha. La kwanza ni dawa. Aceh ilipokea karibu tani 4 000 za dawa, kwa watu karibu milioni mbili. Nyingi hazikuwa katika orodha ya dawa za inchi ile, nyingi zilikuwa na maandishi ambayo manesi wa pale hawakuweza kusoma, zingine zilikuwa zimeisha muda. Ikabaki kazi ya kuzichagua, kuzilinda na kuzichoma, na kazi hiyo pia inakula pesa.

La pili ni la MSF. Mwanzoni mwa Januari 2005, wakati makopo ya michango yalikuwa bado yanazunguka kila pahali, MSF ilisema wazi: kwa kazi yetu ya tsunami, pesa inatosha, musitume tena. Halafu ikawauliza waliokwisha kutoa: munakubali pesa yenu isaidie pahali pengine? Wengi sana walikubali. Kwangu mimi, hiyo ni heshima kubwa kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea.

2010: mbegu za Haiti

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliangusha Port-au-Prince. Waliokufa walipita 200 000. Mwezi ule ule, serikali ya Kongo ilitangaza dola milioni 2,5 kwa Haiti. Kwetu watu wengi walinunika: walimu hawalipwi, barabara zimekufa, na tunatoa pesa nje? Hasira hiyo naielewa. Lakini nikifikiri walimu wa 1960, naona deni lilikuwepo. Mulizo wa kweli ulikuwa: ile pesa itapita njia gani, na nani ataonyesha hesabu?

Senegal ilichukua njia nyingine. Mwaka ule ule ilipokea wanafunzi wa Haiti zaidi ya 160 katika vyuo vyake vikuu. Ile ni musaada ambayo mutu anaweza kuhesabu kwa majina.

Sasa ninaingia kwa kazi yangu. Kisha tetemeko, watu karibu 600 000 walitoka Port-au-Prince, wakarudi vijijini kwa jamaa zao. Hakuna kambi iliyowapokea, ni bibi, shangazi na shemeji waliowapokea. Chakula kikaisha. Jamaa zikaanza kula maharagi na mahindi yaliyowekwa kwa kupanda, na musimu mukubwa wa kule unaanza Machi. Nani kati yetu hapa hajui jambo hilo? Watu wakikimbia kutoka Lukweti ao kutoka upande wa Walikale, wengi hawaingii kambi, wanaingia nyumba ya ndugu. Na ile debe ya maharagi iliyochanganywa na majivu kwa kungojea Septemba inaingia katika chungu.

Basi dunia ikasema: Haiti haina mbegu, tutume mbegu. Kampuni ya Monsanto ikaahidi tani 475 za mbegu za mahindi na mboga. Tarehe 4 Juni 2010, wakulima kwa maelfu walitembea katika muji wa Hinche, wakachoma sehemu ya mbegu hizo mbele ya watu wote. Wengine walidhani ni ujinga. Mimi kama agronomu nasema: mbegu ya hibridi si sumu, inaweza kuzaa sana. Lakini ukiweka mavuno yake kwa kupanda tena, haizai kama mama yake. Inaomba ununue kila mwaka, na mara mingi inaomba mbolea pia. Mukulima aliyepoteza yote hawezi kuingia katika deni la namna hiyo juu ya zawadi.

Wataalamu wa mbegu waliotembelea soko za Haiti mwaka huo waliona jambo rahisi: mbegu zilikuwepo. Mama wa soko alikuwa nazo. Kilichokosekana ni pesa mukononi mwa mukulima. Na Rais René Préval mwenyewe, akiwa Washington Machi 2010, aliomba wapunguze chakula cha bure na walete kazi, juu chakula cha bure kinaua bei ya mukulima wa pale. Mwezi ule ule Bill Clinton alikubali mbele ya Seneti ya Marekani kama siasa yao ya muchele wa bei rahisi iliumiza wakulima wa Haiti. Baadaye Raoul Peck, yule mutoto wa agronomu, alirudi na kamera katika inchi yake, akatengeneza filme Assistance mortelle, iliyotoka 2013. Jina lake peke yake linatosha: musaada unaoua.

Basi tufanye nini?

Naona jibu kwa pande zote mbili. Kwa wale wanaosema hatuna kitu: tunacho. Tunajua jinsi inavyokuwa kupokea. Tunajua mbegu iliyofika kisha mvua kuanza si mbegu tena, ni chakula. Tunajua shitingi inafika kambini na jamaa iliyopokea watu kumi haipati hata moja. Ujuzi huo, wakubwa wengi wa miradi hawana.

Kwa wale wanaotaka kutuma nguo, naomba tuache. Gari, meli na dwane vitakula kuliko bei ya nguo, na kule zinaweza kuangusha mama anayeuza nguo sokoni. Nashauri hivi:

Kwanza, tutoe pesa, hata ikiwa dola moja moja kama katika likelemba. Pesa ndogo inanunua kitu cha pale, kwa mutu wa pale, na bei ya pale.

Pili, tutafute nani yuko pale tayari: parokia, chama cha wakulima, Msalaba Mwekundu wa inchi ile. Mwenye kuja na ndege leo atarudi na ndege kesho.

Tatu, tusifunge pesa yetu kwa kamba. Tuseme: kama imetosha kule, ipelekeni pahali ambapo kamera haikufika. Tulikuwa pahali hapo Desemba 2004.

Ine, kila anayekusanya aonyeshe hesabu kwa wamemba wote, na risiti, ndani ya mwezi mumoja.

Na tano, tusisahau namna ya 1960. Wako wamemba wetu manesi, walimu, maagronomu, na wengine wako Ulaya, Kanada na Uganda. Mafuriko yakipiga karibu nao, ao siku moja kwetu, mukono wenye kujua kazi unapita katoni ya viatu.

Naomba halmashauri yetu iweke ulizo moja juu ya kila karatasi ya muchango: "Nani ametuambia kama kitu hiki kinakosekana?" Kama hakuna jina la mutu wa pale, tungoje kwanza tumupate, ndipo tutume.