Mistari kwenye luninga: Fahamu utepe unaotengenezeka na usiotengenezeka kibandani

Na Mwandishi Wetu

MSTARI mmoja mwembamba wa kijani hujitokeza katikati ya picha. Baada ya wiki chache mistari huwa mitatu, kisha nusu ya kioo hugeuka cheusi, na luninga iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi hupakiwa kwenye bajaji kupelekwa kwa fundi.

Huko kwa fundi, iwe ni Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tegeta, mwenye mali huweza kupewa majibu mawili yanayopingana. Fundi wa kwanza humwambia kioo kimekufa, anunue luninga nyingine. Wa pili humwambia aache fedha kidogo, arudi jioni.

Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli, na yote mawili yanaweza kumtia hasara. Tofauti iko katika kitu ambacho watazamaji wengi hawajawahi kukiona kwa macho: tepe nyembamba za plastiki zinazounganisha bodi za umeme na kioo, ambazo mafundi wengi huziita fleksi.

Kwa kuwa kioo kipya huweza kukaribia bei ya luninga nzima, kujua ni utepe upi ulioharibika ndiko kunakoamua kama familia itatumia fedha za matengenezo au itaingia tena dukani.

Kutoka chogo hadi kioo bapa

Matangazo ya televisheni yalianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara yakashika kasi kuanzia mwaka 1994 vilipozinduliwa vituo binafsi. Kwa miaka mingi luninga ya nyumbani ilikuwa ya chogo, yenye tyubu nzito ya kioo nyuma yake.

Luninga ya aina hiyo ilimtii fundi mwenye mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu. Vipande vyake vilikuwa vikubwa, vikionekana kwa macho na kushikika kwa koleo. Kilichoungua kiling'olewa, kipya kikawekwa kwa risasi, kazi ikaisha.

Katika miaka iliyozunguka kuzimwa kwa mitambo ya analojia, hatua iliyoanzia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, luninga bapa zilizidi kuingia majumbani. Pamoja nazo ukaingia ufundi wa aina nyingine, ambao chuma cha kulehemu peke yake hakiuwezi.

Uzi mwembamba kama unywele

Kioo cha luninga bapa kina vitone vingi mno vya picha, vilivyopangwa kwa safu za wima na za mlalo. Kila kitone kina sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu.

Luninga yenye vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu inahitaji njia 5,760 za umeme kwa safu za wima pekee, yaani 1,920 mara tatu. Luninga ya kiwango cha 4K, yenye vitone 3,840 kwa upana, inahitaji njia 11,520.

Njia zote hizo hupita kwenye tepe chache zilizobandikwa ukingoni mwa kioo. Kila utepe hubeba mamia ya nyuzi za shaba, na katikati yake huwa na chipu ndogo inayogawa umeme kwa kila uzi. Chipu yenye njia 960, kwa mfano, hutosha safu 960, hivyo kioo cha njia 5,760 huhitaji tepe sita za namna hiyo.

Nafasi kati ya uzi mmoja na mwingine ni sehemu chache tu za mia za milimita, sawa na unene wa unywele au pungufu. Uzi mmoja ukiachia, mstari mmoja huonekana. Utepe mzima ukiachia, ukanda mpana wa kioo hugeuka mweusi au mweupe kutoka juu hadi chini.

Viungo vya aina mbili

Jambo la kwanza ambalo mwenye luninga anapaswa kulifahamu ni kwamba tepe hizo si za aina moja.

Aina ya kwanza ni utepe wa kuchomeka. Huu huunganisha bodi kuu na bodi ya kuratibu picha, na bodi hiyo na zile zilizo ukingoni mwa kioo. Nyuzi zake ni pana kiasi cha kuonekana kwa macho, na ncha yake hukaa katika soketi yenye kufuli dogo. Unaweza kuchomolewa, kusafishwa kwa spiriti isiyo na maji, kukaushwa na kurudishwa. Ukikatika, hununuliwa mwingine.

Aina ya pili ni utepe wa kubandikwa, ule wenye chipu. Huu hauna soketi wala risasi. Umeshikizwa moja kwa moja kwenye kioo kwa gundi maalumu inayofahamika kimataifa kwa kifupi cha ACF.

Ndani ya gundi hiyo mna chembe za mviringo zilizopakwa madini yanayopitisha umeme, kila moja ikiwa na kipenyo cha mikromita chache tu, wakati mikromita 1,000 ndizo hufanya milimita moja. Gundi inapobanwa kwa joto, chembe zilizo kati ya uzi wa utepe na njia ya kioo hubanwa na kupitisha umeme kutoka juu kwenda chini. Zile zilizo katika nafasi ya kati ya nyuzi hubaki zimetengana, hivyo umeme hauvuki kwenda uzi wa jirani.

Hiyo ndiyo sababu risasi haifai hapo. Tone moja lingeunganisha nyuzi nyingi kwa mkupuo, na joto la chuma cha kulehemu huweza kuikunja plastiki au kupasua ukingo wa kioo.

Kitambaa chenye maji ni adui

Miongoni mwa sababu za uharibifu, iliyo rahisi kuepukwa ni usafi wa nyumbani. Maji au dawa ya kusafishia ikipuliziwa moja kwa moja kwenye kioo, hutiririka hadi ukingo wa chini na kupenya ndani ya fremu. Katika luninga nyingi za miaka ya karibuni, tepe za kubandikwa ziko hapo hapo.

Unyevu ukikutana na umeme katika nafasi nyembamba kiasi hicho, shaba huanza kuliwa na kutu. Nyuzi hubadilika rangi, kisha hukatika au kugusana. Hewa ya chumvi ya pwani, ambayo wakazi wa Dar es Salaam huishi nayo mwaka mzima, huongeza kasi ya kutu hiyo.

Sababu nyingine ni joto la muda mrefu, linaloilegeza gundi kidogo kidogo. Wadudu wanaojihifadhi ndani ya luninga. Na kubebwa vibaya, hasa kulazwa kifudifudi au kushikwa kwa kubana ukingo wa kioo.

Wataalamu hushauri luninga isafishwe ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini kikavu. Ikilazimu kutumia maji, kitambaa ndicho kiloweshwe na kukamuliwa, si kioo.

Namna ya kubaini tatizo

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Mwenye luninga afungue menyu ya luninga yenyewe. Kama mstari unaonekana pia juu ya menyu, king'amuzi hakihusiki. Kama menyu ni safi na mstari huonekana kwenye matangazo pekee, king'amuzi au waya wake ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui, au doa jeusi mfano wa wino uliomwagika, ni dalili ya kioo kilichopasuka. Hapo hakuna utepe wa kutengeneza.

Picha nzima ikigeuka rangi, au ikawa kama negativu ya filamu, mara nyingi tatizo liko kwenye utepe wa kuchomeka au bodi. Hilo ni la gharama nafuu, na fundi mwaminifu huanzia hapo.

Mistari ya wima au ukanda wa wima huelekeza kwenye utepe wa kubandikwa. Fundi akigusa kwa wepesi sehemu ulipobandikwa utepe na mstari ukatoweka au kubadilika, ni dalili kwamba gundi imeachia. Isipobadilika, huenda chipu imeungua au njia imekatika ndani ya kioo.

Kazi ya mashine

Kuubandika upya utepe huo ni kazi ya mashine yenye hadubini, meza iliyonyooka na kichwa cha chuma kinachopashwa joto kwa kipimo.

Utepe wa zamani huondolewa kwa joto la kadiri. Mabaki ya gundi husafishwa kwa kemikali bila kuukwaruza ukingo wa kioo, kwa kuwa njia zilizopo hapo ni nyembamba mno na mkwaruzo mmoja huzimaliza. Kisha ukanda mpya wa gundi hulazwa na kushikizwa kwa joto dogo.

Hatua ngumu zaidi ni kulinganisha. Chini ya hadubini, kila uzi wa utepe lazima uikalie njia yake ya kioo. Kosa la upana wa uzi mmoja huvuruga safu zote. Baada ya hapo kichwa cha mashine hubana kwa sekunde 10 hadi 20, kwa joto ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 160 na 200 za Selsiasi kutegemea aina ya gundi.

Utepe wenyewe lazima uwe wa namba ile ile. Unaweza kununuliwa mpya au kutolewa kwenye luninga ya aina hiyo iliyopasuka kioo. Hivyo luninga iliyokufa haifai kutupwa ovyo; tepe na bodi zake huweza kufufua nyingine.

Gundi nayo ina masharti. Huhifadhiwa kwenye baridi na ina tarehe ya mwisho ya kutumika. Katika jiji lenye joto na umeme unaoweza kukatika, gundi iliyokaa nje ya jokofu huweza kushika vizuri mbele ya mteja na kuachia baadaye.

Njia za mkato

Pasipo mashine, zipo njia za mkato. Baadhi ya mafundi huweka kipande cha mpira au sponji ili fremu iukandamize utepe. Wengine hupitisha chuma chenye joto juu ya utepe ili gundi ya zamani ishike tena.

Njia hizo huweza kurejesha picha, lakini kwa siku au miezi michache. Mkandamizo usio sawa huweza kupasua kioo, na joto lisilopimwa huunguza chipu.

Ipo pia mbinu ya kuziba au kukata baadhi ya njia za umeme za upande mmoja, katika vioo vinavyoendeshwa kutoka kushoto na kulia, pale upande mmoja unapokuwa na hitilafu. Upande uliobaki hubeba kazi yote. Luninga nyingi hurudi kazini kwa njia hiyo, ingawa picha huweza kupungua ubora na kazi hiyo haina uhakika wa kudumu.

Njia ya mkato si udanganyifu endapo mteja ameelezwa. Huwa udanganyifu pale inapouzwa kwa bei ya matengenezo kamili.

Maswali kabla ya kulipa

Mwenye luninga anashauriwa kumuuliza fundi maswali manne kabla ya kutoa fedha. Ni utepe wa kuchomeka au wa kubandikwa? Utabandikwa kwa mashine au utakandamizwa? Utepe mpya ni wa namba ile ile? Kazi ikirudi ndani ya miezi mitatu, nani atabeba gharama?

Majibu hayo yaandikwe kwenye risiti. Fundi anayeijua kazi yake hakasiriki kuulizwa.

Si busara kuifungua luninga nyumbani. Kapasita za bodi ya umeme huweza kubaki na umeme unaozidi volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo unaua.

Kwa vijana wanaoitaka kazi hii, msingi ni elimu ya umeme na elektroniki. Vyuo vya VETA, kikiwamo cha Chang'ombe wilayani Temeke, hutoa mafunzo ya ufundi, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha elektroniki kwa ngazi za juu. Mengine ni macho, mkono usiotetemeka na mazoezi kwenye vioo vibovu kabla ya kugusa cha mteja.

Kwa mwenye luninga, jambo la kukumbuka ni moja. Mstari wa kwanza unapojitokeza, apelekwe fundi akakague mapema, kwani kutu iliyoanza kwenye uzi mmoja haisubiri. Ikifika kwenye njia za kioo chenyewe, kilichokuwa kazi ya utepe huweza kugeuka kuwa bei ya luninga mpya.